Sauti Moja, Mifuko Mingi

Sisi waimba sauti ya pili hatuna mashabiki. Ibada ikiisha, watu hutoka kanisani wakiimba chinichini sauti ya kwanza, na wazee wanajaribu ya nne. Ya pili hakuna anayerudi nayo nyumbani isipokuwa aliyeiimba. Ninafundisha kwaya ya usharika hapa Moshi, na msichana mwenye koo zito akijiunga, swali lake la kwanza huwa ni lini nitamhamishia kule mbele kwa wenzake wa sauti ya kwanza. Namjibu kwa jina moja: Marian Anderson.

Marian alikuwa Mmarekani Mweusi wa Philadelphia, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko hata hiyo tunayoipa namba mbili. Wanamuziki huiita kontralto, sauti nzito kuliko zote za kike, na si nyingi duniani. Mwaka 1935, mjini Salzburg, Austria, Arturo Toscanini, mwongoza okestra mkali ambaye wapiga ala walimwogopa, alimsikia akasema sauti kama ile mtu huisikia mara moja katika miaka mia. Wengi wakisimulia habari za Marian huishia hapo, kwenye maajabu ya sauti. Mimi hunivutia zaidi hesabu zake: nani alilipa, lini, na alilipia nini. Sauti kubwa nimezisikia nyingi, hapa hapa Kilimanjaro. Zilizogeuka kuwa kazi ni chache mno.

Kazi yenyewe ikoje

Wengi wetu opera tunaijua kwenye katuni: mama mmoja anapaza sauti mpaka glasi zinapasuka. Opera yenyewe ni mchezo wa jukwaani ambao maneno yake yote, au karibu yote, huimbwa. Kuna mavazi, kuna mapazia, kuna mapenzi ya siri, na mara nyingi kuna mtu wa kufa kabla watazamaji hawajaenda kulala. Mbele ya jukwaa, ndani ya shimo, hukaa wapiga ala sitini, sabini au zaidi. Mwimbaji hapewi kipaza sauti. Ukumbi unaweza kuwa na viti zaidi ya 3,000, na aliyenunua tiketi ya bei nafuu kule juu kabisa anadai kusikia kila neno.

Konsati ya mwimbaji mmoja ni kazi nyingine. Hapo ni mtu na piano, nyimbo kama ishirini, lugha tatu au nne, kwa muda wa saa mbili hivi. Hana vazi la kujifichia wala mwenzake wa kumpokea akichoka. Marian aliishi kwa kazi hii ya pili. Ile ya kwanza, ya opera, ilimfikia nywele zimeanza mvi, na sababu yake haikuwa koo lake.

Watu huniuliza mtu mmoja anasikikaje juu ya ala zote hizo. Jibu si nguvu za kifua. Kishindo kikubwa cha okestra kiko kwenye mitetemo kama 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefundishwa hupanga koo lake, zoloto likashuka na nafasi iliyo juu yake ikapanuka, mpaka sauti ikapata nguvu ya ziada karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra ni dhaifu na sikio la binadamu ni jepesi. Ni kama muuza karanga wa stendi ya mabasi: hashindani na honi kwa ukubwa, anatafuta ile sauti ambayo honi hazina. Chini ya hayo yote iko pumzi, inayotawaliwa na kiwambo kilicho chini ya mapafu na misuli ya mbavu na tumbo, ili hewa itoke kidogo kidogo wala isimwagike.

Ufundi huo haupatikani kwa kuimba sana peke yako. Sababu ni ya kimaumbile: mtu hujisikia kwa masikio na pia kupitia mifupa ya kichwa chake mwenyewe, kwa hiyo sauti aisikiayo yeye siyo ile inayofika ukumbini. Ndiyo maana hata waimbaji mashuhuri huendelea kwenda kwa mwalimu miaka yote ya kazi yao. Wanahitaji sikio lililo nje ya kichwa chao. Na mwalimu wa aina hiyo hulipwa kwa saa.

Senti za waumini

Marian alizaliwa tarehe 27 Februari 1897. Baba yake, John, aliuza makaa ya mawe na barafu. Mama yake, Anna, aliwahi kufundisha shule huko Virginia, lakini Philadelphia cheti chake hakikutosha, akawa anafua na kusafisha kwa watu. Mtoto aliingia kwaya ya watoto ya kanisa la Union Baptist akiwa na miaka sita, na badala ya kushika sauti yake tu alijifunza zote nne, ili asiyekuja apate wa kumshikia nafasi. Alipotaka violini, alidunduliza kwa kuwasugulia majirani ngazi mpaka akainunua kwenye duka la vitu vya rehani kwa dola 3 na senti 98.

Kisha baba akaumia kichwani kazini, akafa, na mama akabaki na mabinti watatu. Masomo yakasimama. Marian alimaliza sekondari mwaka 1921, akiwa na miaka 24, umri ambao mwimbaji wa leo anatazamiwa awe amekwisha kutoka chuo cha muziki.

Alikwenda kujiandikisha kwenye shule ya muziki mjini kwao. Alipanga foleni, waliokuja nyuma yake wakahudumiwa, na mwisho karani akamwambia hapo hawapokei Weusi. Hakurudi tena. Lakini kule kanisani walikuwa wameshaanza kuchanga. Waumini wale hawakuwa matajiri: wapishi, madobi, wachukuzi. Walianzisha mfuko wa kumsomesha, na alipopatikana mwalimu mkubwa, Giuseppe Boghetti, kanisa liliandaa tamasha la kulipia masomo, akaalikwa pia Roland Hayes, mwimbaji Mweusi mwenye sauti ya tatu aliyekuwa amekwisha kujijengea jina.

Boghetti hakumtaka. Ilikuwa jioni, amechoka, akasema wanafunzi wanamtosha. Marian akaimba wimbo mmoja wa kiroho, ule uitwao Deep River. Mwalimu akabadili maneno: nafasi ataitafuta, na masomo yaanze mara moja. Wapenzi wa hadithi hupenda kipande hiki kwa sababu sauti inashinda. Nakipenda pia, lakini mwanafunzi ninayemsimulia ninamkumbusha jambo moja: Boghetti alikubali kumfundisha, hakukubali kumfundisha bure.

Kijerumani cha kukariri

Mwaka 1924 Marian na watu wake walikodi Town Hall, New York. Viti vingi vilibaki vitupu. Asubuhi yake wahakiki waliandika kwamba sauti ni nzuri lakini nyimbo za Brahms ameziimba kama mtu aliyekariri, asiyejua maneno yanasema nini. Walisema kweli. Kijerumani chake alikuwa amekipokea kwa masikio tu. Alirudi nyumbani, akaacha kuimba kwa muda, na mama yake akawa anamsogelea taratibu bila kumlazimisha, mpaka akaukaribia tena mlango wa mwalimu.

Hapa ndipo kazi hii inapotofautiana na kipaji. Nyimbo za Brahms na Schubert zimejengwa juu ya mashairi. Silabi ikikosewa uzito, muziki nao unapinda. Mwimbaji wa fani hii anapaswa kumudu matamshi ya Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa, na kujua kila neno lina maana gani. Mwaka 1925 Marian aliwashinda washindani karibu 300 na kupewa nafasi ya kuimba na okestra ya New York Philharmonic kwenye uwanja wa Lewisohn tarehe 26 Agosti. Makofi yalikuwa mengi, lakini simu za kazi hazikulia kama alivyotumaini. Aliendelea kuzunguka kwenye makanisa na vyuo vya Weusi kusini mwa nchi, akipanda behewa la Weusi, yeye na mpiga piano wake Billy King.

Akatambua kwamba lugha lazima aifuate ilipo. Mfuko wa Rosenwald, ulioanzishwa na tajiri wa maduka ya Sears, ukampa fedha, na mwaka 1930 akaenda Berlin, akapanga kwa familia ya Kijerumani ili asikie lugha mezani na jikoni. Huko akapatana na mpiga piano wa Kifini, Kosti Vehanen. Wakazunguka Sweden, Norway, Denmark na Finland, na watu wa huko wakamshangilia kiasi kwamba magazeti yalizungumza juu ya homa ya Marian. Inasimuliwa kwamba mtunzi Jean Sibelius alipomsikia nyumbani kwake, aliagiza kahawa iliyoandaliwa irudishwe jikoni, iletwe shampeni.

Niseme neno juu ya mpiga piano, maana kwetu anachukuliwa kama fundi wa umeme, mtu wa kukumbukwa umeme ukikatika. Katika konsati hizi yeye ni nusu ya kazi. Anajua mwimbaji atavuta pumzi wapi, anajua leo sauti imeamkaje, na akiona nota ya juu inakaribia huku mwenzake amechoka, anaharakisha kidogo bila ukumbi kujua. Baada ya Vehanen, kuanzia mwaka 1940, Marian alifuatana na Franz Rupp, mkimbizi kutoka Ujerumani ya Hitler, mpaka alipostaafu.

Promota na mguu uliovunjika

Akiwa bado Ulaya, promota Sol Hurok alimsikia Paris akamchukua. Promota ndiye anayekodi ukumbi, anayebandika matangazo, anayelipia treni na kubeba hasara tiketi zisipouzwa. Akipata faida naye huchukua fungu lake. Hurok alimrudisha Marian Town Hall, ukumbi ule ule, tarehe 30 Desemba 1935. Melini, njiani kurudi Marekani, Marian alianguka ngazini akavunjika mguu. Aliimba vilevile. Gauni lilifunika plasta, pazia likafunguliwa tayari ameegemea piano, na watu hawakujua mpaka alipowaambia baada ya mapumziko. Safari hii wahakiki hawakuwa na la kusema kuhusu Kijerumani.

Fedha nazo zilikuwa zimekwisha kuanza kuingia. Moja ya matumizi yake ya awali ilikuwa simu: alimpigia msimamizi wa duka kubwa alikokuwa akisafisha mama yake, akamwarifu kwamba Bi. Anderson hatakuja tena kazini. Miaka ya baadaye, akiulizwa siku yake ya furaha kuliko zote, hakutaja wafalme aliowaimbia. Alitaja siku ile ya simu.

Lakini jina kubwa halikumpa chumba hotelini. Mwaka 1937, mjini Princeton, ukumbi ulijaa watu wa kumsikiliza na hoteli ikamkataa kwa rangi yake; aliyemkaribisha kulala kwake ni mwanafizikia Albert Einstein. Miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Howard kiliomba Constitution Hall, ukumbi mkubwa wa Washington uliokuwa mali ya chama cha Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, ili Marian aimbe. Chama kikakataa: ukumbi ulikuwa wa wasanii Weupe tu. Mke wa rais, Eleanor Roosevelt, alijitoa katika chama hicho hadharani. Waziri wa Mambo ya Ndani, Harold Ickes, akatoa ngazi za jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln.

Siku ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1939, watu 75,000 walisimama mbele ya ngazi hizo, na mamilioni wakafuatilia redioni. Kulikuwa na baridi. Marian aliimba amevaa koti la manyoya, mbele ya safu ya vipaza sauti. Baada ya wimbo wa kizalendo alichagua kipande cha opera ya Donizetti, La favorita, kisha Ave Maria ya Schubert, halafu nyimbo za kiroho za watu wake. Kipande kile cha Donizetti hunifikirisha. Wakati ule karibu hakuna jumba kubwa la opera nchini mwake lililokuwa likimpa Mweusi jukwaa. Kwa hiyo opera yake ilikuwa hiyo: dakika chache, nje, kwenye upepo.

Mlango uliofunguliwa kwa kuchelewa

Metropolitan Opera ya New York ilifunguliwa mwaka 1883. Mwimbaji Mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya mhusika humo alikuwa Marian, tarehe 7 Januari 1955, miaka 72 baadaye. Mkurugenzi, Rudolf Bing, alimpa nafasi ya Ulrica katika Un ballo in maschera ya Verdi. Ulrica ni mpiga ramli. Hapo wenzangu wa sauti ya pili mtacheka: kwenye opera, wasichana wanaopendwa huandikiwa sauti ya kwanza, na sisi tunapewa wachawi, wakongwe na mama wakwe. Marian alitokea katika onyesho moja tu la mchezo ule, akatabiri kifo, akamaliza kazi.

Pazia lilipofunguliwa, makofi yalilipuka kabla hajatoa nota moja. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba mwili ulimkaza. Alikuwa na miaka 57, karibu 58, na wahakiki walisikia kwamba sauti imeshapita kilele chake. Mwimbaji wa opera huhitaji kukulia jukwaani: kujifunza kutembea akiimba, kumtazama mwongoza okestra bila kuonekana anamtazama, kuanguka chini huku akihifadhi pumzi. Hayo hufundishwa mtu akiwa na miaka 25, kwenye nafasi ndogondogo za mjumbe na mtumishi. Marian hakupewa miaka hiyo, na hakuna mchango wa kanisa ambao ungeinunua. Mwalimu unaweza kumlipia. Mlango wa jumba la watu huwezi.

Alichofanya ni kuuacha wazi. Siku ishirini baadaye Robert McFerrin, mwenye sauti ya kiume ya kati, aliimba humo humo katika Aida. Mwaka 1961 akaja Leontyne Price katika Il trovatore, na usiku wake wa kwanza watu walipiga makofi kwa dakika zaidi ya 40. Yeye alikuwa na miaka 33, sauti ikiwa mbichi.

Kuna jambo moja linalomgusa Mtanzania. Mwaka 1958 Marian alikuwa mjumbe wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa, katika kamati ya Baraza Kuu iliyoshughulikia nchi zilizo chini ya udhamini. Tanganyika yetu ilikuwa moja ya nchi hizo, na Mwalimu Nyerere alikwisha kusimama mbele ya kamati hiyo mwaka 1956. Dada wa sauti ya pili akawa amekaa kwenye meza ambapo habari zetu zilijadiliwa.

Aliaga majukwaa mwaka 1965, Carnegie Hall, siku ya Pasaka. Alifariki mwaka 1993 akiwa na miaka 96.

Fedha zilikokwenda

Sasa turudi kwenye hesabu. Mwaka 1941 mji wake wa Philadelphia ulimpa tuzo ya Bok, dola 10,000. Fedha zile alianzisha nazo mfuko wa kuwasaidia waimbaji vijana. Mmoja wa waliofaidika ni Camilla Williams, aliyeimba Madama Butterfly kwenye New York City Opera mwaka 1946. Wengine ni Shirley Verrett na Grace Bumbry, wote wawili wenye sauti za chini. Mwaka 1961 Bumbry, akiwa na miaka 24, alikuwa Mweusi wa kwanza kuimba kwenye tamasha la Wagner huko Bayreuth, Ujerumani, na barua za kupinga zilizotangulia hazikumzuia kushangiliwa. Ukifuatilia fedha hizo kinyumenyume, unafika kwenye vikapu vya sadaka vya Union Baptist.

Hata leo njia ni hiyo hiyo. Pretty Yende, binti wa Afrika Kusini aliyekulia katika kuimba kanisani, alisikia opera mara ya kwanza kwenye tangazo la televisheni la kampuni ya ndege akiwa na miaka 16. Akaenda Chuo Kikuu cha Cape Town, akapata mwalimu, na mwaka 2013 akaimba Metropolitan; mwaka 2023 aliimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Uingereza. Ni sauti ya kwanza, lakini namsamehe.

Kwaya zetu zinajua kuchanga kuliko taasisi nyingi. Tunachangia sare, na za mwaka jana zikiwa bado mpya. Tunachangia kinanda, spika, kurekodi video, basi la kwenda mashindano. Sijaona kwaya iliyokaa kikao ikasema: huyu binti ana koo, tumlipie masomo ya sauti miaka mitatu. Na mahali pa kumpeleka pasitusumbue. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, mwendo mfupi kutoka hapa kuelekea Arusha, kinafundisha muziki hadi shahada. Msimu huu wa Pasaka nitapeleka hoja kwenye kikao cha kwaya: tuvae sare za zamani, na fedha ya vitambaa tuifungulie mfuko wa mwanafunzi mmoja. Nitapingwa, hasa na sauti ya kwanza, wanaopenda kupendeza. Jina la kuanzia ninalo tayari, na ni la sauti ya pili.